Kusamehe Nimeamriwa

Lioba alipomwona Felisian anashuka kwenye baiskeli mbele ya uwanja wao, kitu cha kwanza alichokisikia moyoni hakikuwa maumivu. Ilikuwa dharau. Akafurahi kuikuta ipo, tena nzima, maana kwa muda mrefu alikuwa ameogopa kwamba siku mtu huyu akitokea atalia mbele yake.

Alikuwa ameketi juu ya turubai na shoga yake Mwanawetu, jirani wa nyumba ya pili, wakipepeta ufuta. Mavumbi meupe yalikuwa yamewajaa nyusi na kope.

"Usigeuze shingo," Mwanawetu alinong'ona, ungo ukiendelea kucheza mikononi mwake. "Yule pale si yule wako?"

"Sina wangu."

"Basi aliyekuwa wako. Kavaa viatu, shoga. Na kitabu kakitundika shingoni kama mtoto aliyefungwa hirizi."

Lioba akainua macho. Ilikuwa kweli. Felisian alikuwa amening'iniza kifuani mfuko wa kitambaa cha turubai, na ndani yake ilionekana pembe nyeusi ya Biblia. Amenenepa kidogo mabegani. Ngozi ya uso imekuwa nyekundu nyekundu kwa vumbi la Nachingwea. Macho yalikuwa yaleyale, macho ya mtu anayeomba radhi kabla hajakosa. Lioba alipokutana nayo akarudisha uso wake kwenye ufuta haraka.

Kila mtu Ruponda alikijua kisa chao. Lioba alikuwa binti wa mwalimu Ildefonsi, aliyefundisha dini na kuongoza sala Jumapili ambazo padri hakufika. Felisian alikuwa kijana wa Nkowe, mwenye sauti ya pili nzuri kuliko zote katika kwaya. Wakachumbiana. Majina yao yakatangazwa kanisani mara ya kwanza, yakatangazwa mara ya pili, bado mara ya tatu ndoa ifungwe. Mama Lioba alikuwa ameshaloweka mtama wa pombe ya harusi. Jumapili ya tatu Felisian hakuonekana. Ulikuja ujumbe tu wa mdomo, ulioletwa na mpita njia: Felisian amefungua Biblia kuomba mwongozo, kidole chake kimemwangukia Mtume Paulo, pale anapowaambia wasio na wake kwamba wasitafute wake. Felisian ametii.

Kesho yake alikuwa Nachingwea, kwenye mradi wa karanga, huko Wazungu walikokuwa wakiangusha misitu kwa minyororo na makatapila.

Ametii! Neno hilo ndilo lililomkaa Lioba kooni miaka yote hiyo. Mwanamume akikuacha kwa ajili ya mwanamke mwingine, unamtukana, unamtukana na huyo mwanamke, unalala. Aliyekuacha kwa ajili ya Mungu utamtukana nani? Kisimani wanawake walimwambia ashukuru. Mmoja alimwambia ni heshima. Lioba aliteka maji yake akarudi nyumbani, na mtama ule uliokwisha kuota mama yake akawamwagia kuku.

"Hodi hapa," Felisian akasema.

"Karibu, baba, karibu!" Mama Lioba alitoka ndani akiburuta mguu wake wa kushoto, uliokuwa ukimsumbua tangu masika. Uso ulimng'aa kama aliyetembelewa na askofu. "Karibu mwanangu. Lioba, mletee mgeni kigoda."

"Kigoda kipo palepale kilipokuwa siku zote, mama. Kama amepasahau, afungue kitabu chake aone kimesema nini."

Mwanawetu akaficha kicheko nyuma ya ungo.

Felisian akachukua kigoda mwenyewe. Akaketi, akaweka mfuko magotini, akakohoa. "Lioba, habari za siku."

"Za siku zipi? Ni nyingi."

"Nimekuja kwa amani."

"Hata ulipoondoka uliondoka kwa amani. Mimi ndiye niliyebaki na vita."

"Lioba!" mama yake akamkemea. "Mtu ametoka Nachingwea kwa baiskeli. Mpe maji kwanza, maneno baadaye."

Lioba akainuka, akachota maji kwenye mtungi kwa kata, akampa. Alimpa kwa mikono miwili kama alivyofunzwa, lakini uso aliutazamisha upande, kwenye mikorosho. Vidole vyao havikugusana. Felisian alikunywa polepole, na kwa jicho la pembeni Lioba aliona kovu jipya mkononi mwake, refu, lililotoka kwenye kidole gumba mpaka kwenye kiwiko. Akatamani kuuliza limetokana na nini. Akajichukia kwa kutamani.

"Mradi unakufa," Felisian akasema alipokwisha kunywa. "Karanga zimekataa. Makatapila yanaota kutu, watu wanarudishwa makwao. Lakini hilo silo lililonileta. Lioba, nimeoneshwa."

"Umeoneshwa nini?"

"Wiki iliyopita nilifunga, nikasali, nikafungua. Kidole kikaangukia mwanzo kabisa, pale Mungu anapomtazama Adamu na kuona kwamba si vizuri mtu kukaa peke yake." Sauti yake ilitetemeka, na Lioba alijua kwamba aliamini kila neno. "Nikaelewa. Nikaaga kazi, nikachukua baiskeli."

"Umeelewa kwamba Mungu amebadili mawazo."

"Mungu habadili mawazo. Kila jambo lina wakati wake wa kufunuliwa."

"Aa. Na mimi wakati huo wote nilikuwa nimefunikwa na nini? Na chungu?"

"Usimtanie mtu anayenena habari za Mungu," mama yake akasema, akajisogeza karibu na mgeni. Habari za Felisian zilikuwa zimefika Ruponda kabla yake. Huko kambini, ilisemekana, watu walikuwa wakipanga mstari mlangoni kwake jioni. Huyu anauliza amrudishe mkewe au asimrudishe. Huyu anauliza anunue taa au kofia. Huyu ameota mbwa mweusi. Felisian alifumba macho, akafungua Biblia, akashusha kidole, akawajibu wote. Walimwita Felisian wa Kitabu. "Mwanangu," mama akaendelea kwa sauti ya chini, kana kwamba Lioba na Mwanawetu hawapo, "huu mguu wangu. Mume wangu ananiambia niende hospitali ya misheni. Mimi naogopa Wazungu wasije wakaukata. Nitazamie."

"Mama, tafadhali," Lioba akasema.

Lakini Felisian alikwisha kukitoa kitabu. Akafumba macho. Midomo ikacheza. Akafungua, kidole kikashuka, akafumbua macho na kutazama. Akakisogeza kitabu karibu na macho.

"Soma," Lioba akasema. "Tunasikiliza."

"Ni habari za… kabila la Asheri. Idadi ya wanaume wao, walipohesabiwa jangwani."

"Wanaume wa Asheri na mguu wa mama yangu, wapi na wapi?"

Felisian akapitisha kidole kwenye mstari. "Walihesabiwa wale walioweza kwenda vitani. Maana yake, mtu aliyesimama imara. Mguu una nguvu bado. Angoje."

Lioba akacheka. Hakikuwa kicheko kizuri, hata yeye mwenyewe alikisikia. "Mshukuru Mungu, mama, kidole hakikwenda mbele zaidi. Kingeangukia sadaka za kuteketezwa, ungeokwa leo."

"Funga hicho kitabu."

Wote wakageuka. Mwalimu Ildefonsi alikuwa amesimama pembeni mwa nyumba, kanzu imeshikwa na mbigili mpaka magotini. Alikuwa anatoka Mtua kwa miguu kuwafundisha wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, asiyepandisha sauti, na ndiyo maana watu walimwogopa.

"Shikamoo, mwalimu," Felisian akasema, ameshasimama.

"Marahaba. Funga kwanza."

Felisian akafunga.

"Ukitaka kupiga ramli, nenda kwa mzee Adinani ng'ambo ya kijito. Yeye angalau anasema wazi kwamba anapiga ramli, na hamsingizii Mungu."

"Ni mjomba wangu," Mwanawetu akasema, hamwangalii mtu. "Na habari za miguu huwa anawaambia watu waende hospitali."

"Umesikia?" mwalimu akamwambia mkewe. "Mwislamu mpiga ramli ana akili kuliko mkwe uliyemtaka. Jumatatu utakwenda hospitali." Kisha akamgeukia Felisian. "Kijana, kitabu hiki mimi nimekisoma kabla wewe hujazaliwa. Kimenifundisha kusali, kutosema uongo, kulipa deni, kumheshimu mama mkwe wangu, na huyo alikuwa mgumu. Hakijaniambia hata siku moja ninunue kofia. Hayo Mungu aliniachia kichwa changu nihangaike nacho. Wewe umekuja kwangu kutaka nini?"

"Nimekuja kumwomba Lioba."

"Lioba ana masikio. Mwombe yeye. Mimi sitamkataza wala sitamlazimisha." Mwalimu akavua viatu vyake vya kanda, akaingia ndani bila kugeuka.

Mama hakukubali kushindwa. Alimshika Lioba kiwiko, akamvuta pembeni ya jiko. "Mwanangu, sikiliza. Wenzio wa kipaimara chako wana watoto watatu, wanne. Mjomba wako ameshachoka kuulizwa. Mungu amemrudisha mtu wako mwenyewe, kwa miguu yake, wewe unamtemea mate. Unangoja nani?"

"Sijui ninangoja nani, mama."

"Unampenda. Nimekuona unavyomtazama mkono."

Lioba akakichomoa kiwiko mkononi mwa mama yake, akatoka, akampita Felisian. "Njoo," akasema, "tusikilizane huku."

Wakaenda mpaka kwenye mikorosho mwisho wa uwanja, mahali ambapo mama aliweza kuwaona lakini asiweze kuwasikia. Zamani Felisian akitoka kwenye mazoezi ya kwaya alikuwa akimsindikiza mpaka hapahapa, hatua moja nyuma yake, akiimba sauti ya pili peke yake kwa kunong'ona, na yeye Lioba akiimba ya kwanza kimoyomoyo. Hawakuwahi kushikana mikono. Haikuwa lazima. Sasa alisimama mbele yake na Biblia kifuani, na Lioba aliona jinsi kamba ya mfuko ilivyomchora alama shingoni.

"Vua kitu hicho," akasema.

"Lioba, ni Neno la Mungu."

"Najua ni nini. Baba yangu amenilea kwacho. Nimesema kivue, nataka kuzungumza na Felisian."

Akakivua taratibu, akakitundika kwenye tawi. Mara akaonekana mdogo, kama mtu aliyevuliwa koti.

"Siku ile," Lioba akasema. "Siku ulipomfungulia Paulo. Ulifungua mara ngapi?"

Felisian akatazama chini. "Unauliza nini?"

"Nauliza mara ngapi. Kitabu kile ni kikubwa. Kuna mahali Isaka anampenda Rebeka. Kuna mahali Yakobo anachunga kondoo wa mkwewe miaka na miaka kwa ajili ya msichana mmoja. Kuna maharusi wa Kana. Mimi ni mtoto wa mwalimu, usinidanganye. Ulifungua mara ngapi ndipo ukampata Paulo?"

Korosho moja iliyokauka ilianguka nyuma yao.

"Nyingi," akasema hatimaye.

"Nyingi kiasi gani?"

"Nilianza alasiri. Niliacha wakati wa kuwasha taa." Alisema kwa sauti ndogo mno. "Mwanzoni ilitoka harusi. Halafu ikatoka shamba la mizabibu, halafu mambo ya vita. Nikaendelea."

Lioba akamtazama, na dharau ikampanda mpaka machoni. "Kwa hiyo Mungu alikukatalia, ukamsumbua mpaka akachoka. Mtu kama wewe si wa kumwogopa Mungu, wewe ni wa kumshurutisha. Ulikuwa umeshaamua kuniacha. Ulitafuta wa kumsingizia tu."

"Haikuwa mimi."

"Nani basi?"

"Mama." Neno lilimtoka kama mfupa uliokuwa umemkwama. "Mama alikataa. Unajua desturi yetu, mume anahamia kwa mkewe. Mimi ningehamia hapa Ruponda. Yeye alikuwa na mimi tu, Lioba, hana mtoto wa kike. Kila mwanamke Nkowe ana binti anayebaki naye, na mkwe wa kumlimia. Yeye angebaki na nani? Baada ya tangazo la pili alilala kitandani, akasema nikitoka hatakula. Na kweli hakula. Nikaona nikikwambia kwamba ni mama, utamchukia. Na watu watanicheka kwamba mwanamume mzima anaongozwa na mama yake. Nikasema nikipata neno la Mungu, hakuna atakayemchukia mtu."

"Na huko Nkowe hukukaa naye. Ulikimbilia Nachingwea."

"Niliona aibu kumtazama. Nilikuwa nampelekea chakula kila mwisho wa mwezi." Akafuta uso kwa kiganja. "Amefariki. Mwezi uliopita tumemzika."

Kama Lioba angenyamaza hapo, pengine mambo yangekwenda njia nyingine. Lakini aliyakumbuka maneno ya Felisian pale kigodani, kufunga na kusali na kuoneshwa, na ulimi ukamtangulia.

"Kumbe!" akasema. "Kumbe Mungu wako alikuwa anakaa Nkowe. Mwezi uliopita amezikwa, na wiki iliyopita ameanza kusema kwamba si vizuri mtu kukaa peke yake."

Felisian alirudi nyuma hatua moja. Akaketi juu ya mzizi, akaweka uso kwenye magoti, akalia, mabega yote yakicheza. Lioba akasimama hapohapo. Alikumbuka yule mama wa Nkowe, mwembamba, aliyewahi kumpa kikapu cha mbaazi na kumwita mwanangu. Akaona ameukanyaga msiba wa mtu. Alipiga magoti pembeni yake, lakini hakumgusa.

"Hilo la mama yako nimekosea," akasema. "Pole kwa msiba. Nasema kweli, pole."

"Una haki."

"Sina haki ya kumtukana maiti. Lakini wewe nisikilize." Sasa ilikuwa zamu ya sauti yake kutetemeka. "Ningehamia Nkowe."

Felisian akainua uso.

"Ningehamia Nkowe! Mjomba angepiga kelele, mama angelia, baba angenyamaza wiki nzima, halafu wangezoea. Ningemlimia mama yako. Ningemtekea maji. Nilikuwa nakupenda kiasi hicho, mjinga wewe. Ilikuwa jambo la kuuliza tu. Ulimwuliza Paulo, ukawauliza manabii, ukauliza watu waliokufa zamani kule jangwani. Mimi nilikuwa hapa, mwendo wa asubuhi moja kwa baiskeli, na hukuniuliza mimi."

Felisian hakulitazama tawi lenye Biblia.

Lioba akasimama, akapangusa magoti. "Majina yetu yalitangazwa mbele ya watu. Aibu nimeila mbele ya watu. Wewe ulinitangaza kwa sauti, ukaniacha kwa kimya. Kesho ni Jumapili, padri hayupo, baba ndiye atakayeongoza. Simama uwaambie ulichoniambia hapa. Bila aya hata moja."

"Wote?"

"Wote."

"Na nikisema? Utanikubali?"

"Usianze kupatana bei. Sema au usiseme."

Jumapili, kengele ya Ruponda, ambayo ilikuwa kipande cha chuma cha katapila kilichotundikwa juu ya nguzo, ililia mapema. Kanisa la udongo lilijaa. Habari za baiskeli na viatu zilikuwa zimezunguka, na hata wale waliokuja kanisani kwa Pasaka tu walikuwa wamekuja. Lioba aliketi upande wa wanawake, kanga mpya kichwani, mikono imekunjwa. Alikuwa amejiandaa kudharau. Alikuwa na hakika Felisian hatasimama, au akisimama ataanza na Mtume Paulo.

Baada ya wimbo wa mwisho mwalimu Ildefonsi aliuliza, kama alivyozoea, kama kuna mwenye neno. Felisian akasimama. Alikuja mikono mitupu.

"Jina langu Felisian," akasema. "Mnanijua." Kiswahili chake kilikwama. Akaanza upya kwa Kimwera, lugha ya kwao, na vikongwe wa nyuma, ambao Kiswahili cha kanisani huwapita juu, wakanyanyua vichwa vyao wote. Alisema alimwacha Lioba kwa sababu mama yake alikataa, na yeye aliogopa. Alisema Mungu hakumwambia kitu. Alisema alilisingizia Neno ili asionekane mwoga, na huko kambini aliendelea kuwadanganya watu, kwa kuwa ukishaanza kuitwa mtu wa Mungu ni vigumu kuacha. Alisema Lioba hakuwa na kosa lolote. Kisha akabaki amesimama, mikono inaning'inia, hajui aiweke wapi.

Mwanamke mmoja akasonya. Mwingine akasema, "Maskini." Kutoka upande wa wanaume kilisikika kicheko kimoja, kikakatwa.

"Umemaliza?" mwalimu akauliza.

"Nimemaliza."

"Kaa. Tusali."

Lioba hakuisikia sala. Alikuwa anaitafuta dharau yake na haioni. Ilikuwa imemsimamisha wima miaka yote, kisimani, sokoni, kwenye harusi za wenzake, na sasa yule mtu ameichukua mbele ya watu wote, akiwa amesimama pale na mikono yake isiyojua pa kwenda. Alimkasirikia kwa hilo pia. Kisha akagundua kwamba machozi yanamtoka, na mwanamke aliyekaa pembeni yake akampa pembe ya kanga.

Nje, watu walichelewa kutawanyika. Walijifanya kufunga viatu, kutafuta watoto, kusalimiana mara mbili. Mama Lioba alisimama mlangoni ameshika mikono kifuani. Felisian alikuja, akisukuma baiskeli yake, akasimama mbele ya Lioba, mbali kidogo.

"Nimesema," akasema.

"Nimesikia. Ulisema vizuri."

"Lioba." Alisema jina lake tu, kama alivyokuwa akilisema zamani kwenye mikorosho, na moyo wake Lioba ukaruka kama mtoto wa mbuzi. Akaungoja utulie.

"Felisian, nimekusamehe. Nimekusamehe toka moyoni, wala sitalirudia jambo hili, na mtu akilitaja mbele yangu nitamnyamazisha. Kusamehe nimeamriwa. Kila siku nasali kwamba nisamehewe kama ninavyosamehe, siwezi kujifanya sijui." Akavuta pumzi. "Lakini kuolewa na wewe sijaamriwa. Hilo limeachwa kwangu, nami nimelala nalo, nimeamka nalo. Sikutaki kuwa mume wangu."

"Lakini unanipenda."

"Nakupenda."

Mama yake mlangoni akatoa sauti kama mtu aliyechomwa mwiba.

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu siku moja mtoto wetu atakuwa na homa, au nyumba itakuwa haina chakula, au mtu atakutisha, nami nitageuka kukutazama. Na kabla hujanijibu, nitakuwa nimeshaanza kuogopa. Sitaki kuishi nikikuchungulia uso. Leo umesema kweli kwa sababu nilikutuma. Nenda ukajizoeze kuisema bila kutumwa."

Felisian aliushika usukani kwa mikono miwili. Hakuuliza afanye nini. Hakusema tena habari za Mungu. Aliinamisha kichwa kwa mama Lioba, akamwinamia mwalimu aliyekuwa akifunga mlango wa kanisa, akageuza baiskeli kuelekea njia ya Nkowe.

Lioba akavuka barabara. Mwanawetu alikuwa ameketi juu ya jiwe huko ng'ambo na kikapu kitupu. Alisema alikuja kununua chumvi, ingawa duka la chumvi lilikuwa upande mwingine kabisa. Lioba akaketi karibu naye, akaipa njia mgongo.

"Nitazamie," akasema.

"Anakwenda."

"Amepanda?"

"Hajapanda, anaisukuma. Amefika kwenye shamba la mihogo." Mwanawetu akajikinga jua kwa kiganja. "Sasa amepanda. Anaendesha polepole."

"Amegeuka?"

"Bado."

Lioba alikuwa ameishika pembe ya kanga yake kwa mikono yote miwili, ameisokota kama kamba.

"Shoga," Mwanawetu akasema kwa upole, "unataka ageuke?"

"Nataka," Lioba akasema. "Mwombee asigeuke."

Mwanawetu akaendelea kutazama njia, kwa muda mrefu, mpaka vumbi lilipolala. Kisha akamshika mkono, akamwinua, wakaondoka kwenda kumalizia ufuta.